Kutoka EuroLeague Hadi NBA: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Wachezaji wa Ulaya

Mchezaji wa Ulaya ni yupi hasa?

Ni yule aliyefundwa mpira wa kikapu Ulaya. Rangi na pasipoti si hoja. Giannis Antetokounmpo ni mtoto wa Wanigeria, kazaliwa Athens, na Milwaukee, timu ya NBA (ligi kuu ya Marekani), walipomchukua kwenye drafti ya 2013, yaani siku ya timu kuchagua wachezaji wapya, alikuwa anacheza daraja la pili la Ugiriki. Huyo ni wa Ulaya kabisa. Detlef Schrempf ni Mjerumani wa kuzaliwa, lakini alimalizia sekondari na kusoma chuo kikuu Marekani, kwa hiyo alipoingia NBA mwaka 1985 mchezo wa wenyeji alikuwa ameshaujua. Majibu yanayofuata yanawahusu zaidi watu wa namna ya Giannis.

Walianza kwenda lini?

Georgi Glouchkov, Mbulgaria, alifika Phoenix mwaka 1985, akacheza msimu mmoja akarudi. Mlango ulifunguka kweli mwaka 1989. Mwaka mmoja kabla, kwenye Olimpiki ya Seoul, Wasovieti walikuwa wameifunga Marekani 82–76 katika nusu fainali, na Wamarekani hawakuweza tena kujidanganya kwamba kule ng'ambo hakuna watu. Msimu wa 1989 wakaingia watano kwa mpigo: Vlade Divac kwa Lakers, Dražen Petrović kwa Portland, Šarūnas Marčiulionis kwa Golden State, Alexander Volkov kwa Atlanta na Žarko Paspalj kwa San Antonio.

Mpira ni mpira. Sheria zinatofautiana nini?

Zinatofautiana zaidi ya unavyodhani ukiangalia juu juu. Mechi ya NBA ni dakika 48, ya FIBA (shirikisho la dunia, ambalo sheria zake ndizo za Ulaya) ni 40. NBA unatolewa kwa fauli ya sita, FIBA kwa ya tano. Mstari wa alama tatu wa NBA uko mita 7.24 kutoka kikapuni, wa FIBA mita 6.75, na kabla ya 2010 ulikuwa mita 6.25 tu. Yaani Petrović alipokwenda Portland aliongezewa karibu mita nzima. Ukitaka kujua mita moja ni nini kwa mpiga mitupo, nenda uwanja wowote wa shule, tupa mara kumi ukiwa umekanyaga mstari, kisha rudi nyuma hatua moja kubwa utupe kumi nyingine. Mkono utakujibu.

Tofauti inayobadilisha kila kitu, lakini, ni ile ya sekunde tatu za ulinzi. NBA hairuhusu mlinzi akae kwenye eneo la chini ya kikapu zaidi ya sekunde tatu kama hamkabi mshambuliaji yeyote kwa karibu. Akikaa, wapinzani wanapewa mtupo mmoja huru na mpira unabaki kwao. FIBA haina sheria hiyo. Senta wa Ulaya, yule mrefu wa katikati, anaweza kupiga kambi chini ya kikapu kama mlinzi wa geti la benki, na gadi, mchezaji wa nje, anayeingia anamkuta palepale kila mara.

Halafu kuna mpira unaochezacheza juu ya pete. FIBA, ukishagusa pete, yeyote anaruhusiwa kuupangua au kuusukumia ndani. NBA haigusiki kitu mpaka uwe umetoka juu ya kikapu. Masenta wageni hutoa alama za bure kwa tabia hiyo ya mkono, hasa mwezi wa kwanza. Na mapumziko mafupi: kwa FIBA anayeomba ni kocha peke yake, NBA hata mchezaji mwenye mpira anaweza. Ni kitu kidogo, lakini mgeni aliyebanwa kwenye kona hukumbuka kwamba ana ruhusa hiyo baada ya kunyang'anywa.

Ni kweli Luka Dončić, Mslovenia wa NBA, alisema NBA ni rahisi kufunga kuliko Ulaya?

Ndiyo, na amelisema zaidi ya mara moja. Wamarekani wengi waliona ni majivuno. Ukiweka pamoja sheria tulizozitaja, ni hesabu tu. Uwanja umetanuka kwa sababu wapiga mitupo wanasimama mbali zaidi, senta mpinzani hawezi kuganda kikapuni, tena dakika zimeongezeka nane. Msimu wake wa mwisho Real Madrid alikuwa na wastani wa alama 16 katika EuroLeague, ligi ya klabu bora za Ulaya, akabeba kombe na MVP (tuzo ya mchezaji bora) akiwa na miaka 19. Msimu uliofuata, Dallas, alifunga wastani wa 21.2. Hakugeuka mchezaji mwingine ndani ya miezi minne. Alipewa mpira, akapewa nafasi, akapewa muda.

Lakini wapo mabingwa wa Ulaya waliokwenda kwenye uwanja huohuo mpana na hawakuona hata alama tano kwa mechi.

Basi jambo gumu kuliko yote ni lipi?

Kunyang'anywa usukani. Wengi hutaja kasi, au misuli, au kuruka. Hayo yapo, lakini mtu wa mazoezi huyapatia dawa. Kisicho na dawa ya haraka ni kutoka kuwa mtu ambaye mpira wote unapita mikononi mwake, na kuwa mtu anayesimama kwenye kona akisubiri.

Hebu itazame hiyo kona vizuri. Unasimama kwenye pembe ya uwanja, kisigino karibu na mstari wa nje, magoti yamekunjwa kidogo, mikono tayari. Mpira uko kwa nyota wa timu. Anapiga chenga, anazunguka, anaingia, anatupa. Mnarudi kulinda. Mnapanda tena. Nyota yuleyule. Zamu ya sita au ya saba anabanwa na walinzi wawili, anautupa mpira kwako zikiwa zimebaki sekunde tatu za kutupa kwenye saa. Hujaugusa kwa dakika nne. Jasho limepoa. Unatupa, unagonga chuma. Mara ya pili unagonga chuma tena, na ukigeuka unamwona mwenzako ameshavua fulana ya mazoezi anaingia badala yako. Kazi yako ya usiku huo imeisha, na uliyefanya naye kazi ni kocha ambaye hajawahi kukuona ukiendesha mchezo.

Petrović ndiye mfano wa kwanza na bado ndiye mkubwa. Huyu alikuwa Mozart wa Ulaya. Mwaka 1985 alifunga alama 112 katika mechi moja ya ligi ya Yugoslavia. Portland ilikuwa na Clyde Drexler na Terry Porter katika nafasi zake. Msimu wa kwanza akapata kama dakika 12 kwa mechi, wa pili zikapungua mpaka saba hivi. Januari 1991 akahamishiwa New Jersey, timu dhaifu iliyokuwa na shida ya mtu wa kufunga. Wakampa mpira. Msimu uliofuata alifunga wastani wa 20.6, ule wa baada yake 22.3, huku mitupo yake ya alama tatu ikiingia zaidi ya asilimia 44, na akachaguliwa timu ya tatu ya wachezaji bora wa NBA nzima. Siku chache baadaye, tarehe 7 Juni 1993, akafariki kwa ajali ya gari Ujerumani, akiwa na miaka 28. Portland na New Jersey walikuwa na mtu yuleyule, mwenye mkono uleule.

Na Spanoulis, yule Mgiriki? Kwa nini alishindwa NBA?

Swali hili hurudi kila mwaka, na mimi sipendi neno "alishindwa". Septemba 2006, nusu fainali ya Kombe la Dunia kule Saitama, Japani, Ugiriki iliifunga Marekani yenye LeBron James, Dwyane Wade na Carmelo Anthony 101–95. Vassilis Spanoulis alifunga 22. Wiki chache baadaye akaripoti Houston. Aliingia katika mechi 31 msimu mzima, wastani wa alama 2.7. Mwaka 2007 alirudi Athens.

Baada ya hapo? Kombe la EuroLeague 2009 akiwa na Panathinaikos, 2012 na 2013 akiwa na Olympiacos, na mara zote tatu yeye ndiye mchezaji bora wa fainali. Spanoulis ni mtu wa kushika mpira sekunde kumi na tano, kumsoma mlinzi, kumwita senta aje kumwekea skrini (kumzuia mlinzi kwa mwili), na kuamua mwishoni kabisa. Houston walihitaji mtu wa kupitisha mpira na kukaa pembeni. Ni sawa na kumwajiri mpishi wa pilau halafu ukamkabidhi kuchoma mahindi, kisha ukashangaa kwamba hapiki.

Wenyeji huwapokeaje?

Kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Mwaka 1992, Toni Kukoč alikuwa bado hajakanyaga Chicago, lakini meneja wa Bulls alikuwa amemsifia mno mbele ya Michael Jordan na Scottie Pippen. Wakakutana naye kwenye Olimpiki ya Barcelona, Marekani dhidi ya Kroatia, na wale wawili wakapokezana kumkaba utadhani amewadai fedha. Alitoka na alama nne. Mwaka uliofuata akajiunga na Bulls, na makombe ya 1996, 1997 na 1998 waliyabeba pamoja, Kukoč akitokea benchi mara nyingi na kuchukua tuzo ya mchezaji bora wa akiba mwaka 1996.

Kuna na utani wa kila siku. Mgeni wa mwaka wa kwanza hubebeshwa mabegi na kutumwa vitafunwa na wakongwe. Ligi haijali umeshafanya nini kwingine. Vasilije Micić alikuwa bingwa wa EuroLeague mara mbili na MVP wa mwaka 2021. Alipojiunga na Oklahoma City mwaka 2023 alikuwa na miaka 29, na kwenye karatasi za NBA aliandikwa mchezaji wa mwaka wa kwanza, safu moja na vijana wa miaka 19.

Wachezaji wa Ulaya ni laini?

Hili ni neno la zamani linalokataa kufa. Dirk Nowitzki alifika Dallas mwaka 1998 akitokea Würzburg, na msimu wake wa kwanza alifunga wastani wa 8.2 tu. Walimwita "Irk", wakiiondoa herufi D kwenye jina lake kwa sababu ndiyo inayoanza neno la ulinzi kwa Kiingereza. Yaani hana ulinzi. Mwenyewe alifikiria kurudi kwao. Msimu wa pili 17.5, wa tatu 21.8, MVP mwaka 2007, ubingwa na MVP wa fainali mwaka 2011, misimu 21 katika timu moja. Pau Gasol naye aliitwa laini baada ya Lakers kupoteza fainali ya 2008, akabeba makombe ya 2009 na 2010, na neno likapotea kimyakimya bila mtu kuomba radhi.

Kichekesho ni kwamba mpira wa Ulaya una kugusana kwingi zaidi mbali na kikapu. Waamuzi kule huvumilia kiwiko na kifua. NBA ilibana sana mikono ya walinzi wa nje kuanzia msimu wa 2004. Gadi aliyezoea kuchezewa hivyo Belgrade au Istanbul akifika Marekani huona kama amefunguliwa pingu.

Kwa hiyo kwenye ulinzi hawana shida?

Wanayo, ila si ya ugumu wa moyo. Shida ni upana. Ulaya timu hulinda kwa kusaidiana katika eneo dogo, na mtu asiye na kasi anaweza kufichwa. NBA wapinzani wanakutafuta. Wanamtuma mtu unayemkaba aje kuweka skrini kwa nyota wao, mnabadilishana, na ghafla umebaki peke yako mbele ya mtu mwepesi kuliko yeyote uliyewahi kukutana naye, uwanja wote uko wazi, watu elfu ishirini wamesimama. Miloš Teodosić, mpigaji pasi ambaye ningelipa nauli kwenda kumwona, alijiunga na Clippers mwaka 2017 akiwa na miaka 30, na hapo ndipo alipobanwa. Mwaka 2019 alirudi Ulaya.

Upande wa pili yuko Rudy Gobert, Mfaransa aliyechukuliwa nafasi ya 27 mwaka 2013, mwenye tuzo nne za mlinzi bora wa mwaka.

Ratiba ya mechi 82 inawaua?

Idadi yenyewe si kitisho kikubwa. Timu kubwa ya Ulaya ikijumlisha EuroLeague na ligi ya nyumbani hufika mechi 70 na zaidi. Kinachosumbua ni mtawanyiko. NBA unacheza Jumanne, unaruka usiku, unaingia hotelini saa nane za usiku, Jumatano unacheza tena katika jiji lenye saa tofauti.

Na mazoezi hakuna. Hili huwashangaza wengi. Ulaya kocha ni mfalme: mnakutana asubuhi, mnakutana jioni, mnarudia mchezo mmoja mpaka mguu unajua wenyewe pa kukanyaga. NBA, msimu ukishaanza, timu inaweza kukaa siku nyingi bila zoezi kamili. Ukitaka kuboresha kitu, unajitafutia kocha msaidizi na kapu la mipira baada ya wenzako kuondoka. Mgeni aliyezoea kusukumwa anakaa akisubiri kusukumwa, na hakuna anayekuja.

Mwili na chakula je?

Nikola Jokić, kwa kauli yake mwenyewe, alikuwa anakunywa kama lita tatu za Coca-Cola kwa siku alipokuwa Serbia. Aliacha alipohamia Denver. Hakugeuka kuwa mrukaji, na mpaka leo haruki, lakini pumzi ilikuja. Giannis alikwenda akiwa mwembamba kama mlingoti, akaendelea kurefuka hata baada ya kuanza kulipwa mshahara wa NBA. Msimu wa kwanza alama 6.8 kwa mechi, msimu wa sita MVP. Mwaka huohuo wa kwanza alionja smuthi kwa mara ya kwanza maishani na akaitangazia dunia nzima mtandaoni.

Maisha nje ya uwanja?

Upweke ndio adui. Dirk alinusurika kwa sababu Steve Nash, Mkanada, alikuwa jirani yake na rafiki yake. Jokić alikwenda na kaka zake wawili. Giannis alikuwa peke yake miezi ya mwanzo, familia ikihangaikia viza. Siku moja alikwenda kutuma pesa nyumbani, akatuma zote, akabaki bila hela ya teksi. Akaanza kukimbia kuelekea uwanjani kwenye baridi ya Milwaukee mpaka watu wawili, mke na mume, wakamtambua wakamchukua kwenye gari lao. Msomaji yeyote aliye ughaibuni na aliyewahi kupeleka salio lake lote kwa wa nyumbani atamwelewa bila kuelezwa zaidi.

Kwa nini wengine huchaguliwa kwenye drafti halafu hawaendi?

Mkataba na pesa. Mchezaji wa kigeni huingia kwenye drafti mwenyewe mwaka anaotimiza miaka 22, au anajiandikisha mapema. Timu ikimchagua, inamiliki haki zake NBA hata akibaki Ulaya. Klabu yake ya Ulaya nayo ina mkataba, na inataka fidia. NBA inaweka kikomo cha kiasi ambacho timu inaweza kuchangia, kinachozidi kinatoka mfukoni mwa mchezaji. Ricky Rubio alichaguliwa wa tano mwaka 2009 akiwa na miaka 18, Minnesota wakamsubiri mpaka 2011, miaka miwili akiwa Barcelona.

Wapo wanaosubiri kwa mahesabu. Mchezaji wa raundi ya kwanza hulipwa kwa kiwango kilichopangwa, lakini ikipita miaka mitatu tangu drafti anaweza kujadili zaidi ya hapo. Bogdan Bogdanović alichaguliwa 2014 na akaenda 2017.

Na wapo wanaokataa. Sergio Llull alibaki Real Madrid ingawa Houston walikuwa na haki zake na walimtaka. Kabla hujamwona mjinga, kumbuka kwamba Ulaya klabu nyingi hutaja mshahara ukiwa umeshakatwa kodi, na nyumba na gari juu yao. NBA tarakimu unayoisoma gazetini ni kabla ya kodi, tena kodi za majimbo wanakokwenda kucheza, kabla ya wakala, na kabla ya fungu ambalo ligi huzuia. Kwa nyota tofauti bado ni kubwa mno. Kwa mtu wa mwisho wa benchi, hesabu inaweza kubana, na Madrid ana jina.

Aende akiwa na umri gani?

Samaki mkunje angali mbichi, ndivyo wengi wanavyoamini, na kuna ukweli. Lakini Darko Miličić alikunjwa akiwa mbichi: Detroit walimchukua wa pili mwaka 2003 akiwa na miaka 18, mbele ya Carmelo Anthony, Chris Bosh na Wade, wakamkalisha kwenye benchi la timu iliyokuwa inawania ubingwa, na hakuinuka. Arvydas Sabonis alichaguliwa 1986, akafika Portland mwaka 1995 akiwa na miaka 30 na miguu iliyokwisha majeraha, na bado alifunga 14.5 kwa mechi msimu wa kwanza. Tukimfikiria Sabonis wa miaka 22 tunabaki kutikisa vichwa.

Ukinibana, nitasema kati ya 19 na 22, baada ya angalau msimu mmoja kamili wa kucheza na watu wazima. Dončić aliingia timu ya kwanza ya Real Madrid akiwa na miaka 16. Jokić alichaguliwa wa 41 mwaka 2014, akabaki Serbia mwaka mmoja zaidi na kuwa mchezaji bora wa ligi yake, kisha akaenda.

Siku hizi ni wao wanaoizoea NBA, au NBA ndiyo imewazoea?

Yote mawili, na nadhani la pili limezidi. Tarehe muhimu kwangu ni 15 Desemba 2016. Denver walikuwa na masenta wawili vijana, Jokić na Jusuf Nurkić wa Bosnia. Walijaribu kuwachezesha pamoja, haikuenda, Jokić akarudi benchi. Timu inapoteza. Siku hiyo kocha Michael Malone akamwanzisha Jokić kama senta, na mashambulizi yote yakaanza kupita mikononi mwake, mbele ya eneo la kikapu, wenzake wakimkatia huku na huku. Nurkić alihamishwa miezi miwili baadaye. MVP zikafuata 2021, 2022 na 2024, na ubingwa 2023. Hakuna aliyemwambia Jokić aruke zaidi. Walipanga nyumba upya ili samani mpya ienee.

Kuanzia 2019 mpaka 2025 tuzo ya MVP haikwenda kwa mzaliwa wa Marekani hata mara moja. Giannis mbili, Jokić tatu, Joel Embiid wa Kameruni moja, Shai Gilgeous-Alexander wa Kanada moja. San Antonio walipompata Victor Wembanyama mwaka 2023 walimweka kwanza pembeni ya senta mwingine, na kufikia Desemba walikuwa wamemhamishia katikati. Alimaliza na 21.4 kwa mechi na tuzo ya mchezaji bora wa mwaka wa kwanza. Miaka thelathini nyuma angepewa kona.

Waafrika waliopitia Ulaya wana lao?

Wana njia yao, na inatuhusu. Bismack Biyombo ni mtoto wa Lubumbashi, Kiswahili ni cha nyumbani. Alipita Yemen, akaenda Fuenlabrada, Hispania, na kutoka pale akachaguliwa wa saba mwaka 2011. Serge Ibaka wa Brazzaville naye alipita Hispania. Baba yake Wembanyama, Félix, mrukaji wa miruko mitatu, ana asili ya Kongo. Hasheem Thabeet wetu hakupita Ulaya: alitoka Dar es Salaam, akacheza chuo kikuu cha Connecticut, Memphis wakamchukua wa pili mwaka 2009.

Kijana anayechezea Basketball Africa League leo, ligi iliyoanzia Kigali mwaka 2021, anacheza kwa sheria za FIBA. Kwa hiyo kila kitu kilichoandikwa hapo juu kuhusu mstari, senta aliyeganda na fauli tano kitamkuta na yeye.

Wakirudi timu za taifa, wanasumbuka?

Kidogo, hasa wale waliozoea fauli sita. Wamarekani ndio husumbuka zaidi. Mwaka 2023 Ujerumani iliwafunga 113–111 katika nusu fainali ya Kombe la Dunia na kubeba kombe, Dennis Schröder akiwa mchezaji bora wa mashindano.

Nitamjuaje mgeni aliyeanza kuzoea?

Novemba usihesabu alama zake. Mtazame asipokuwa na mpira. Kama bado anaunyooshea mikono na kukunja uso, hajafika. Ukimwona anamwonyesha mwenzake kwa kidole pa kusimama, tena mwenzake mkongwe, na yule mkongwe anasogea, mwandikie msimu wa pili mzuri.

Mechi zenyewe ni saa ngapi kwetu?

Majira ya baridi ya Marekani, mechi ya New York ya jioni huanza saa tisa na nusu usiku kwa saa za Afrika Mashariki. Denver saa kumi na moja alfajiri, yaani Jokić unamwona ukiwa umeshaamka. Goma na Lubumbashi rudisha saa moja nyuma, Muscat ongeza moja. Za Los Angeles zinaanza kama saa kumi na mbili na nusu asubuhi, ukiwa kwenye daladala, simu mkononi na bando la kutosha. Wenye kazi za asubuhi wasubiri Jumapili: zile za mchana wa kule huangukia kama saa tano na nusu za usiku, na robo ya kwanza unaiona kabla usingizi haujakuchukua.